Nondo Walivyonifuata Ukweni Nyabiyonza

Wanadarasa wenzangu, leo nimeaibika mpaka kwenye visigino. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia ya watu.

Mchana nilikwenda Nyabiyonza na mshenga wangu, Baba Paulo, kupokea jibu la posa ya Koku. Nilivaa koti langu. Tangu juzi lilikuwa msumarini, na mfukoni nilikuwa nimetia kifukofuko cha kiwavi nilichokiokota kule Ndama (kikubwa kama yai la bata, msibishe). Jana akatoka nondo jike. Mabawa upana wa sahani! Akalala juu ya koti usiku kucha. Leo nikamhamishia kapuni, nikaondoka nimejipaka mafuta, nanukia vizuri. Nilidhani.

Ukweni, shikamoo zilipokwisha, tukaletewa kahawa ya kutafuna na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Giza likaanza kuingia, taa ikawashwa. Baba yake Koku akasafisha koo ili atoe jibu.

Puu! Nondo akatua begani kwangu. Wa pili kifuani. Wa tatu shingoni. Kufumba na kufumbua walikuwa mia! (Haya, tisa.)

Mzee akaweka kibuyu chini. "Huyu mtu ana mambo. Binti yangu simtoi kwa mwenye mambo."

Nikaona posa inapeperuka. Nikasimama kuitetea kwa elimu.

"Baba, huu si uchawi! Nondo hutaga mayai, yai hutoa kiwavi, kiwavi hula majani hadi anenepe, kisha hujisokotea nyumba ya hariri. Akitoka humo ni nondo kamili, hana hata mdomo! Hali kitu. Huishi siku chache tu, kazi yake kutafuta mwenzake."

"Hana mdomo?" akadakia shangazi yake Koku, mama ambaye ulimi wake humenya ndizi bila kisu. "Nawe ungejifunza kwake."

"Hawa wote ni madume, shangazi. Hunusa jike kutoka mbali sana."

"Kwa hiyo jike ni wewe?"

Nyumba nzima ikacheka, na Koku nyuma ya pazia akacheka kuliko wote.

"Hapana! Harufu iko kwenye koti. Hata likitupwa migombani watalifuata!"

"Vizuri," akasema mzee. "Livue, tulitupe. Wakilifuata, binti ni wako."

Ee Ruhanga, Mungu wangu! Ndugu zangu, mnajua nguo zilivyoadimika madukani. Shati langu lilikuwa na kola, vifungo na mikono. Mgongo niliukata siku nyingi kutia viraka suruali.

"Vua, umeshashinda!" Baba Paulo akaninong'oneza. (Hakujua, masikini.)

Nikavua. Koti likarushwa migombani. Nondo mmoja akaondoka, wa pili, wa tatu, mpaka wote! Kwa furaha nikageukia mlangoni kuwatazama.

Nikawapa wakwe wote mgongo.

Shangazi akapaza sauti: "Kaka, mkweo kamenywa nusu!"

Baba Paulo alificha uso ndani ya kofia yake. Mzee alicheka hadi akashikwa kikohozi, akajifuta machozi. "Neno langu halirudi. Binti ni wako. Lakini haji kwako mpaka hilo shati lipate mgongo."

Basi, anayetaka kucheka na acheke, ila kwanza alete kitambaa. Hata cha pazia nitashona.