Mwiko Namba 207

Hii utasema ni uongo, lakini kaa chini kwanza. Hapa Eldoret, mtu mzima na tai yake alishindwa na sufuria ya ugali mbele ya kamera tatu, na sheria iliyomfunga aliiandika mwenyewe.

Ilianza na tangazo. Jumatatu asubuhi, Mkurugenzi wa Idara ya Utulivu wa Jikoni, Bwana Kimeli, aliita wafanyikazi wake wote, yaani Jemutai, akamtangazia kwamba mji uko hatarini. Wikendi hiyo mke wake alikuwa anasonga ugali, mwiko ukavunjika katikati ya kazi, kipande cha ugali moto kikaruka kikampata Mkurugenzi kwa paji la uso. Na alikuwa ameketi mbali kabisa, sebuleni, akingoja chakula kama kiongozi. Plasta alikuwa nayo. Aliionyesha kwa huzuni.

Kwa hivyo kila nyumba mtaa wa Kapsoya isajili mwiko wake kabla ya Ijumaa. Kanuni zilikuwa kurasa kumi na nne. Ile aliyoipenda zaidi ilikuwa ya tisa, aliisoma mara mbili akiwa amesimama: "Mwiko uliosajiliwa usivunjwe na mtu yeyote, kwa namna yoyote, hata na Mkurugenzi."

Sasa Jemutai alikuwa kwa kontrakti ya miezi mitatu, na miezi yenyewe ilikuwa inaisha hiyo Ijumaa. Mkurugenzi alimwambia wazi: Kapsoya ikisajiliwa, atamsainia aendelee. Isiposajiliwa, arudi kwao Moi's Bridge akapukuchue mahindi.

Jemutai akaweka meza nje ya poshomill, pale watu husaga unga. Fomu ilikuwa na swali moja tu: "Mwiko wa nyumba hii ni upi?"

Wa kwanza kwa laini alikuwa Mzee Ogola, mwalimu aliyestaafu. Alisoma, akapanguza miwani, akasoma tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kortini, kwamba kwake ni mwiko mgeni kufunua sufuria kabla mwenye nyumba hajakaa.

"Mzee, tunataka ule wa kusonga ugali," Jemutai akamwambia.

"Msichana wangu, hapa kuna mahali mmeandika ugali?"

Hapakuwa. Jemutai akapigia Mkurugenzi simu. Mkurugenzi alikuwa kwa mkutano wa kupanga mkutano, akanong'ona: "Andika vile mwananchi amesema. Gonga muhuri. Usinisumbue."

Akagonga. Na watu wa Kapsoya walipojua serikali inagongea mwiko wowote muhuri, laini ilifika barabarani. Mmoja alisajili kwamba kwake ni mwiko kuuliza kama nyama imebaki. Mwingine, mwiko kuazima blenda na kuirudisha ikinuka vitunguu. Dada mmoja aliyeolewa juzi aliandikisha kwamba ni mwiko mama mkwe kuonja supu halafu anyamaze. Mama Adoyo, anayepikia mafundi wa mjengo, hakufikiria sana. Yake ilikuwa namba 207: "Ni mwiko mwanaume kusimama jikoni kwangu mikono mitupu. Akiingia, anasonga." Muhuri, pah. Kila mtu akaenda na cheti chake, wengine wakakitundika ukutani kando ya picha ya harusi.

Alhamisi jioni miiko ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mkurugenzi aliangalia hiyo nambari, hakuangalia kitu kingine, akaagiza wanahabari.

Ijumaa saa sita akafika na gari mbili, kukagua. Kwa Mzee Ogola alinyoosha mkono afunue sufuria. Mzee akamwonyesha cheti. Mwenye nyumba hakuwa amekaa, na hakuwa na mpango wa kukaa. Nyumba iliyofuata ilikuwa mwiko kuingia jikoni na viatu, na soksi ya Mkurugenzi ilikuwa na dirisha. Akasema hiyo imepita ukaguzi, wasonge mbele. Kwa Mama Adoyo akaingia na kasi ya mtu anayeokoa siku, akasimama mbele ya jiko, mikono nyuma, vile wakubwa husimama.

Mama Adoyo aliinua tu mwiko, akaulekeza kwa cheti chake ukutani.

Mkurugenzi akasoma. Muhuri ulikuwa wake. Akamgeukia Jemutai. "Hii ni nini?"

"Ni mwiko, bosi. Umesajiliwa."

"Mwiko ni hiyo ameshika."

"Hiyo haijasajiliwa, bosi. Hakuna mahali tuliuliza."

Mwanahabari mmoja akasoma kanuni ya tisa polepole, mpaka ile sehemu ya "hata na Mkurugenzi". Kamera zikasogea.

"Baba, shika," Mama Adoyo akasema. "Maji imechemka, na mafundi wako na njaa."

Mkurugenzi alikunja mikono ya shati, akatoa hotuba fupi kuhusu utumishi, akamwaga pakiti mbili za unga kwa mpigo. Unga ulipanda ukamkalia nyusi. Akakoroga kama mtu anatafuta funguo zimeangukia ndani. Ule uji mzito ukaanza kutema, wanahabari wakarudi nyuma kwa mpangilio. Chini ukaungua, juu ukawa maji, katikati mabonge makavu, makubwa kama mayai. Fundi mmoja alichungulia akasema yeye na hiyo anaweza kupiga plasta vyumba viwili, lakini kula, hapana.

Lakini kanuni ya kumi na moja ilikuwa wazi. Ajali yoyote ya ugali iandikwe, mkosaji atajwe, na mkosaji apelekwe mafunzo ya miezi mitatu kwa jikoni alikoharibu, bila gari. Jemutai akafungua folda yenye fomu ya ripoti.

"Andika ni sufuria iliteleza," Mkurugenzi akamnong'onezea.

Jemutai aliangalia mafundi ishirini wenye sahani tupu. Akaangalia folda yake. Ndani kulikuwa na karatasi mbili, kontrakti na ripoti. Akaandika kwa ripoti jina lote, majina matatu, kwa herufi kubwa.

"Leta haraka nisaini niende," Mkurugenzi akasema, macho yamejaa unga.

Jemutai akatanguliza kontrakti. Mkurugenzi akasaini. Jemutai akatelezesha ripoti juu yake. Bosi akasaini hiyo pia, bila kusoma, vile amesaini kila kitu tangu apewe ofisi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Mkurugenzi alikuwa mlangoni kwa Mama Adoyo, kwa miguu, anaonyeshwa mahali ndoo ya maji inakaa. Sasa wewe niambie ukweli: ungekuwa Jemutai, kazi yako iko kwa kalamu ya huyo mtu, ungeandika sufuria iliteleza?