Mikono ya Kwenda Amerika

Wesley alihamia Jeddah kwa sababu Riyadh ilimchosha, ama tuseme watu wa Riyadh walichoka naye. Ijumaa moja ya Februari bosi wake alimtuma apeleke wageni kwenye uwanja mkuukuu wa besiboli nje ya mji. Viti vimepauka kwa jua, ubao wa matokeo umebaki na nambari tatu. Wafilipino na Wamarekani walikuwa wanacheza mechi za kujinoa kabla msimu haujaanza. Getini hakuna tikiti, hakuna anayekuuliza jina. Mtu mwingine angefurahia mchezo wa bure. Wesley aliona duka lisilo na mwenyewe.

Kesho yake alikuwa Kandara, mtaa mmoja wa Jeddah, katika chumba cha Wakenya watano.

"Wanaume, mmewahi kurusha mawe?"

"Kwani kuna mtu hajawahi?" akauliza Onesmus.

"Basi nyinyi ni matajiri na hamjijui. Kocha Mmarekani anatafuta mikono. Ukirusha mpira vizuri, halas! Kafili aliyekushikia pasipoti anabaki hapa, wewe unaenda Amerika."

"Na mimi mwenye miaka arobaini na tatu?" akauliza Robinson.

"Besiboli haiangalii umri, mzee. Inaangalia bega."

Basi kila mtu akaanza kujishika bega. Ukiwaona utacheka, lakini walikuwa baba za watu.

"Kuna sheria moja," Wesley akasema. "Simu haziingii uwanjani. Ukishikwa nayo, umefutwa. Mtanipa mimi niwawekee."

Alfayo, mlinzi wa duka kubwa, akaitoa yake mfukoni. Mke wake Carol alikuwa ajifungue wiki hiyo huko Mumias, na habari ingefika kwa simu hiyo moja tu.

"Hata simu ya mtu anayengojea mtoto?"

"Hiyo ndiyo kabisa! Ikilia, kocha anakosa mpira."

Wanangu, mtu akitaka kitu unachokihitaji kuliko vyote, na jibu analo kabla hujamaliza kuuliza, ngoja kwanza. Usione haya kungoja.

Ijumaa wakafika getini. Wesley akafungua mfuko wake, na simu tano zikaingia, kila moja imefungwa ndani ya soksi.

"Ya nini soksi?"

"Zisikwaruzane," akasema Onesmus.

Wesley akaguswa. Watu waangalifu namna hii ni raha kuwaibia.

"Sasa, bosi," Alfayo akasema, "sisi walinzi tuna kawaida yetu. Anayepokea mali ya watu, naye anaacha kitu."

"Kitu gani?"

"Simu yako. Ama huturudii?"

Wesley alicheka. Moja kwa tano! Akamkabidhi simu yake mpya, iliyobeba ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, benki yake na maisha yake yote. "Yalla, ingieni. Kocha hapendi wachelewaji."

Walipoingia tu, yeye akaingia teksi.

Huko Balad, kwenye soko la mji wa kale, alimwendea Murad, muuza simu za mitumba. Wazee wa Murad walitoka Unguja, yeye kazaliwa Jeddah. Murad alivua soksi ya kwanza, ya pili, akaacha.

"Wewe, hizi nimeziuza mwenyewe jana."

"Kwa nani?"

"Kwa Wakenya wenzako watano. Mbovu, za vipuri, ndani hamna hata betri. Nikawauliza za nini, wakanambia za majaribio ya besiboli."

Wesley akaketi. Kisha akaomba simu ya Murad, akapiga namba yake mwenyewe. Kwa mbali alisikia gongo likipiga mpira na watu wakishangilia.

"Karibu, kocha," akasema Alfayo.

"Simu yangu!"

"Iko salama. Siku ile ulipotuambia, nilimpigia binamu yangu Riyadh. Kumbe huko ulikuwa unatafuta mikono ya mpira wa kikapu."

"Ndugu yangu, tuongee kama watu wa nyumbani."

"Si tunaongea? Carol amepata msichana, nimemwona sasa hivi kwenye simu yangu. Hata analia vizuri. Wewe njoo uchukue simu yako, bado tuko uwanjani."

"Wote?"

"Wote watano. Wafilipino wametupa mipira, tunarusha tangu saa nane. Tumeweka kopo la soda pale mbali, na Onesmus sasa halikosi. Njoo, bosi, usiogope. Tutaliondoa hilo kopo, usimame wewe."