Wageni wa Tanga na Mbuzi wa Ngoyai

Jumatano, 21 Agosti 1985

Barua imefika! Bwana Shebughe, karani mstaafu wa reli, Tanga. Anasema watakuja watu sita baada ya Idd, kutembelea kreta. Anauliza kama nyumba yangu ya wageni inawafaa Waislamu. Nimejibu kwa telegramu: INAFAA SANA. Kwa kweli mpaka mchana huu haikuwafaa hata kidogo, lakini siku saba ni nyingi.

Lukresia, mke wangu, hakushangilia. Anasema mahindi ya shamba letu la Endabash yanaletwa mwisho wa mwezi, na vyumba vyangu vitatu havijalala mtu tangu Pasaka. Wageni hawa wakiondoka na kinyongo, vyumba vinakuwa ghala. Alikuwa anapima mlango kwa kamba akisema hayo. Miaka miwili nimejenga vyumba hivi kwa mikono yangu, hapa hapa Karatu. Nikifikiria magunia juu ya vitanda vyangu, roho inaniuma.

Nilimuuliza anajua nini kuhusu Waislamu. Akasema wakifika tutawauliza wanataka nini. Kuuliza! Mwenye hoteli haulizi. Anajua.

Alhamisi, 22 Agosti

Kazi ya kibla. Wanaswali wakielekea Maka. Maka iko Arabuni, Arabuni ni mashariki, hata altare yetu inaelekea huko. Nimechora mshale ukutani kila chumba, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Mishale mitatu, mikubwa, imenyooka. Nimeondoa pia picha ya Mtakatifu Yosefu. Lukresia akairudisha. Nikaiondoa tena. Sasa ameitundika chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda, na Mtakatifu ananitazama nikiandika.

Jumamosi, 24 Agosti

Inosenti! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, naye ana nyumba ya wageni, tena yenye jenereta. Sijui nani kamwambia habari za wageni wangu. (Lukresia anasema ni mimi mwenyewe, kilabuni.) Leo bango lake lina mwezi na nyota. Mwezi umefanana na ndizi. Anatangaza pilau ya mbuzi, na ameshamweka dereva mmoja Mwislamu wa kumchinjia.

Mwenye bucha wetu, ambaye ndiye hutuchinjia sote, amekwenda Arusha kula Idd kwa wakwe zake. Lukresia anasema tumfunge mbuzi uani, wageni wakifika watachinja wenyewe. Hapana. Nataka washuke garini sufuria inanukia, kabla pua zao hazijavuka barabara. Nimeagiza beberu mnene kwa Ngoyai, rafiki yangu mfugaji wa Endulen. Nimemsisitizia kwamba ni wageni wa heshima. Wa kuchinja nitamsimamisha barabarani. Malori hayakosi Mwislamu.

Jumatano, 28 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Ngoyai alifika saa tatu asubuhi, mbuzi begani. Begani! Ameshachunwa. Nilimuuliza kachinjwa na nani. Akanitazama kwa huruma. Alisema wageni wa heshima hawapewi mbuzi aliyekatwa shingo ovyo, damu yote ikanywewa na udongo. Alilala kwa shemeji yake Oldeani, na alfajiri akamziba mbuzi pumzi, taratibu, kama wazee wake wanavyofanya.

"Damu yote imo," akasema. "Sikupoteza hata tone."

Nilikaa chini. Mtu amevuka mlima kwa ajili ya heshima yangu, ningemgombezaje? Nikampa chai yenye sukari, ile niliyoipata kwa mlango wa nyuma.

Kisha nikapanga. Nyama ni nyama. Ikishaiva, nani atajua? Nikapika mwenyewe. Nikiulizwa, nitasema kachinja mwenye bucha. Lukresia alisema hatapakua hata kipande, akaenda kuchagua maharage.

Saa tisa gari likafika. Sufuria inanukia, Inosenti yuko dirishani kwake, mambo safi! Bibi Mwantumu, mama yake Bwana Shebughe, bibi mdogo wa umbo mwenye fimbo, akaja moja kwa moja jikoni. Akasifu harufu. Akaniuliza polepole, kama anayeuliza habari za watoto, nani kachinja. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona kwamba lolote nitakalosema ataliamini, na atakula. Nikashindwa.

"Bibi, hakuchinjwa," nikasema. "Alizibwa pumzi. Usimle."

Niliyaona magunia yakipanda vitandani.

"Nimekula njiani miaka arobaini," akasema. "Walioniambia kabla sijala hawajai mkono mmoja. Tutalala hapa."

Wakatoa mizigo yao. Nyama ya Idd waliyoikaanga kavu Arusha, imejaa kopo. Tende. Na sufuria yao, maana Bibi hasafiri bila sufuria yake. Tukala kwa maharage ya Lukresia, mimi nikirudia mara mbili. Ngoyai hakukasirika. Alisema watu wa Tanga wana masharti kuliko hata wazee wake, akambeba mbuzi na mchuzi wake wote, akaenda kula na wenzake.

Baadaye Bwana Shebughe alitoa dira ndogo mfukoni. Kibla ni kaskazini. Mishale yangu mitatu inaelekea choo cha Inosenti. Alicheka mpaka akavua miwani.

Alhamisi, 29 Agosti

Alfajiri, baridi ya kung'ata, nilikuta ndoo ya maji ya moto kila mlango. Lukresia! Jana alimuuliza Bibi wanahitaji nini. Maji ya moto ya kutawadhia, kopo chooni, mkeka safi. Basi. Vyote tulikuwa navyo nyumbani.

Nilipanda nao Landrova mpaka ukingoni. Ukungu mtupu. Bibi amejifunika blanketi la Lukresia juu ya khanga mbili. Bwana Shebughe alinieleza kwamba msafiri amerahisishiwa. Hupunguza swala, na adhuhuri na alasiri huziswali pamoja, ukisimama mara moja siku yote iliyobaki ni ya kutazama wanyama. Wakatandika mkeka, dereva akawa anaangalia nyati wasije. Walipomaliza, ukungu ukafunguka na kreta yote ikawa chini yetu. Bibi akalia. Alisema ameyasifu maumbile ya Mungu maisha yake yote bila kujua yako mengi kiasi hiki. Nami macho yalinitoka maji. Nilisingizia baridi.

Jumapili, 1 Septemba

Wameondoka jana kwa furaha. Lukresia amekubali mahindi yakae chumba kimoja tu. Viwili ni vyangu! Bwana Shebughe ameniachia dira yake, na amenipa wageni wengine. Rafiki yake wa Arusha, Mhindi, na familia yake, watu wanne, Jumamosi ijayo. Hawali nyama kabisa.

Lukresia anataka niwaandikie niwaulize wanakula nini. Kuuliza! Nimeshajua. Wali na maharage. Ila wageni wa heshima hawawezi kupewa maharage yasiyo na ladha. Nimemwagiza Ngoyai alete mifupa ya supu, nichemshie maharage humo kisha niiondoe yote kabla hawajafika. Mifupa si nyama.