Jinsi Nilivyowafundisha Maofisa Upelelezi

Jumatatu, 6 Juni 1955

Kambini Ruiru. Mwaka wa pili sasa mimi, Kilonzo, nawafundisha maofisa vijana wa jeshi la Waingereza kupeleleza. Wanauliza swali, mtu anasema hajui, wanaandika “hajui”. Basi. Nimechoka nao. Nimempelekea Kapteni mpango: nivae kama mkulima, nijifiche sokoni Thika, wao wanitafute kwa habari watakazookota. Wakifaulu, cheo cha mwalimu mkuu ni changu.

Jumatano, 8 Juni

Kapteni amekubali. Nicanor, mwalimu mwenzangu, anasema tuwafundishe kwanza kusalimu watu. Wivu. Ati pia nisisahau kipande changu cha kitambulisho, maana hii ni Hali ya Hatari, asiye nacho anakamatwa. Mpelelezi gani hubeba jina lake mfukoni?

Ijumaa, 10 Juni

Siku mbaya. Nilikaa kando ya Wamboi, muuza viazi vitamu, nikiwa na blanketi kuukuu. Saa tatu maofisa wanne wakaingia sokoni, wakauliza kwa sauti kubwa kama kuna aliyemwona Kilonzo aliyejificha. Kila mtu akasema hajui. Wakaandika.

Walipoondoka Wamboi akaniuliza, “Kilonzo, umekosana nini na wazungu?” Nikakana. Akaangalia viatu vyangu vya kambi, vinang'aa. Akaendelea kupanga viazi vyake.

Mara polisi wakaja kukagua vipande. Sina. Tukapakiwa lorini watu kumi. Mzee mmoja wa kijiji cha Ngoliba alianza kusali kwa sauti, na hapo nikaogopa kweli. Wanaochukuliwa hivi hawarudi upesi.

Kituoni, aliyekuja kutuhoji ni Luteni, mwanafunzi wangu wa miezi mitatu. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia mimi ni mwalimu wake. Hakuinua macho. “Jibu swali tu,” akasema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe. Akauliza kiongozi wangu huko msituni kwa waasi ni nani. Nikasema sijui.

Akaandika.

Jumamosi, 11 Juni

Nicanor amenitoa. Alikwenda sokoni, akasalimu, akanunua viazi, akaketi. Wamboi akamweleza yote: lori gani, kituo gani, hata kwamba mzee wa Ngoliba alikuja kununua mbegu tu. Mzee naye ameachiliwa. Kapteni amempa Nicanor kile cheo. Sikula chakula cha jioni.

Jumapili, 12 Juni

Nimetafakari kanisani. Luteni hakumwamini hata mwalimu wake. Nani alimtia ukali ule? Mimi. Somo limeingia sawasawa, ila Nicanor hawezi kuliona. Nimemwandikia Kapteni barua, aniongezee darasa la pili.