Malalamiko Dhidi ya Seva Isiyojua Kukataa

Ushirika wa Wakulima wa Mpunga Bondeni,
Masjala,
Ifakara.
11 Septemba, 1997

Kwa Mzee Theodori Matimbwa,
Mwenyekiti wa Bodi,
Michenga.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUIONDOA SEVA KABLA HAIJANIONDOA MIMI

Shikamoo Mzee wangu. Natumaini mguu umepata nafuu na kwamba Mama Balbina ni mzima. Huku ofisini sote tu wazima, isipokuwa mimi.

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini mtu wa masjala haachi jambo lijieleze lenyewe, kwa hiyo nitalieleza. Mimi ni Fulgensi Mponda, mtunza majalada wa ushirika huu kwa miaka ishirini na miwili, niliyefungua jalada lako la uanachama kwa mkono huu huu. Juzi nilipokea barua ya Meneja ikinitaarifu kuwa ifikapo tarehe 30 mwezi huu chumba cha masjala kitakabidhiwa kwa seva, kwa sababu seva inahitaji mahali penye ubaridi. Mimi na majalada yangu tutahamia ghala la Kiberege, ambako inaonekana joto halidhuru binadamu. Naiomba Bodi itengue uamuzi huo. Chumba kile ndicho maisha yangu, na nasema hivyo bila kuona haya.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawajaiona, seva ni kompyuta kubwa isiyo na kazi nyingine ila kuzitunzia kumbukumbu kompyuta ndogo nne za ofisi. Ndani yake mna kitu kinachoitwa mfumo endeshi. Huo ndio unaoamua nani aingie, nani azuiwe, na kila karatasi ilale wapi. Kwa lugha nyepesi, unafanya kazi yangu. Haukufanyiwa usaili, hauna barua ya ajira, na tangu ufike Oktoba iliyopita haujachangia msiba hata mmoja. Binti Yunis, aliyekuja na mtambo huo kutoka masomoni Dar es Salaam, huuzungumzia kwa upendo ambao mimi sijawahi kuzungumziwa, hata siku ya harusi yangu.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni kama ifuatavyo.

1. Mfumo huu hauna adabu. Utakumbuka ulivyotutembelea Novemba. Ulikaa kitini, ukavaa miwani, ukabonyeza herufi za jina lako moja baada ya nyingine huku wajumbe wakikutazama. Mfumo haukukuamkia. Uliomba neno la siri, nawe kwa ukweli wako ukasema huna siri yoyote na mtu. Papo hapo kikatokea kioo kizima kimeandikwa kwamba mtumiaji huyo hatambuliki. Mtu ambaye babu yake alifyeka Michenga kabla ya barabara, hatambuliki Ifakara.

Yunis anasema hilo ni jambo jema. Eti kila mtu ana mlango wake: karani wa mbegu anaona mbegu, katibu anaona mihtasari, na hakuna anayeweza kuchezea karatasi ya mwenzake. Nami namjibu kwamba katika masjala yangu hakuna aliyechezea karatasi kwa miaka ishirini na miwili, kwa sababu mlangoni nimekaa mimi, nami si mtu mwepesi kupitwa pembeni.

2. Unasema uongo kuhusu ukubwa wake. Mwezi wa nne diski ilijaa. Nilifurahi, nakiri, nikajua sasa yamekwisha. Yunis akafungua ule mtambo, akapachika diski ya pili, mfumo ukaziunganisha zote mbili, na tangu siku ile unatangaza kuwa ni ghala moja. Nikauliza la kwanza linaishia wapi na la pili linaanzia wapi. Nikajibiwa kwamba hakuna haja ya mimi kujua. Sasa Mzee, kwetu vihenge viwili ni vihenge viwili, hata ukivisiriba kwa udongo wa rangi moja. Mtu akikuuliza mpunga wake uko kihenge kipi, nawe ukamwambia hana haja ya kujua, ataondoka akiamini umeshauuza.

3. Una upendeleo. Yunis mwenyewe amekiri kwamba kumbukumbu zinazoulizwa mara kwa mara mfumo huziweka karibu, ili zitoke upesi. Ndiyo maana habari za Kiberege, ambako katibu wao anapiga simu kila asubuhi hata kuuliza alichouliza jana, hutokea kabla hujainua kidole. Watu wa Mkula, waungwana wanaouliza mara moja kwa mwaka, wanasubiri. Mimi nahudumia kwa foleni. Aliyewahi ndiye wa kwanza, na msumbufu namrudisha nyuma.

4. Unaandika kila kitu mara mbili. Pembeni ya zile diski zipo nyingine mbili, ambazo kazi yake ni kunakili zote zilizotangulia, ili moja ikifa nyingine iendelee kama vile hakuna msiba. Mwaka 1981 nilipewa onyo la maandishi kwa kunakili jalada moja mara mbili kwa bahati mbaya. Onyo hilo limo katika jalada langu binafsi, na sasa limo pia ndani ya seva, mara mbili.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mfumo huu unakataa watu, lakini haukatai vitu. Masjala nzuri hujulikana kwa vitu ilivyovikataa. Mtu akiniletea karatasi zake namwonyesha rafu, namwambia nafasi imejaa, aje baada ya mavuno. Baada ya mavuno, katika kumi anarudi mmoja, na huyo ndiye mwenye shida ya kweli. Kwa njia hiyo rafu tatu zimeutosha ushirika mzima tangu mwaka 1975.

Sasa habari zimeenea bondeni kwamba Ifakara kuna ghala ambalo likijaa linalishwa diski na kuendelea kumeza. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini wahenga hawakukiona kibaba kinachoongezewa kina. Wa kwanza kuja alikuwa Nkwabi, yule mwanachama wetu Msukuma wa ng'ambo ya mto. Yunis alimuuliza swali dogo tu, kwamba analima kwa maksai wangapi. Nkwabi akaona si haki kuwataja maksai sita na kuwanyamazia ndugu zao. Alikaa siku tatu. Alitaja ng'ombe mia moja arobaini na sita, mmoja mmoja, kwa rangi yake, kwa mama yake, na kwa mahari aliyokuja nayo, bila kusoma popote. Mfumo ulipokea wote na haukuguna. Sina ugomvi na Nkwabi, ni mtu mkweli, na siku ya tatu alituletea maziwa. Lakini leo hii katika ushirika wa mpunga kuna ndama mwenye maelezo marefu kuliko Makamu Mwenyekiti.

Baada ya ng'ombe wakaja wazee wa Mkula na nani alimuoa nani tangu enzi za babu zao. Hao nao wakapokelewa.

6. Madungu. Wewe ni mkulima na sihitaji kukufundisha, lakini Bodi ina wajumbe wa mjini. Ifikapo Desemba watu wetu hufunga nyumba na kuhamia shambani, wakalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mpaka wavune. Kwa sababu hiyo masjala yangu ina rejesta mbili, ya nyumbani na ya madungu yenye mipaka ya mashamba, na kwa kuwa shambani watu huitwa majina mengine, ukimtafuta mtu unaanza kwa kuangalia ni mwezi gani. Ni utaratibu mzuri, nimeutunga mwenyewe. Mwezi wa tano rejesta zote mbili zilichapwa na kuingizwa kwenye seva. Mfumo wenye akili ungeuliza kidogo. Huu ulipokea tu.

Matokeo yake wanachama wetu 3,412 sasa ni 6,809, maana kila mtu yumo kama mtu wa nyumbani na tena kama mtu wa dungu, isipokuwa wachache wasio na dungu. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama wahudhurie mkutano mkuu. Nusu ya hao ni 3,405. Maana yake mwezi ujao bonde zima lazima lije mkutanoni, ruhusa ya kuugua ni kwa watu saba. Nilishauri kwamba kila mwanachama ahudhurie mara mbili, asubuhi kama mtu wa nyumbani na mchana kama mtu wa dungu, na apate chakula mara mbili. Meneja aliniambia niende nikapumzike.

Yunis anadai mfumo unaweza kuwaunganisha watu hao kwa asubuhi moja, mradi nimwambie tu jina lipi la nyumbani ndilo lipi la dungu. Nimekataa kwa upole. Kulijua hilo ndiyo taaluma yangu, na mtu hagawi taaluma yake kama karanga.

7. Nikitazama mbele naona giza. Diski moja imekuwa nne ndani ya mwaka mmoja, na kila aliyesikia anataka zaidi. Leo inataka chumba changu. Mwakani itataka ukumbi wa Bodi, kwa sababu na wenyewe una kivuli. Mwisho bonde lote litakuwa limo ndani ya seva, mto na vijito vyake, nasi tutasimama nje tukiombwa neno la siri ili tukapalilie mashamba yetu wenyewe.

Kwa hayo naiomba Bodi: kwanza, mfumo endeshi ufanyiwe usaili kama mtumishi mwingine yeyote, nami niwe katika jopo, pili, upewe likizo ya siku ishirini na nane kuanzia tarehe 30 mwezi huu, tatu, ukirudi upangiwe ghala la Kiberege, na mimi nibaki hapa nilipo.

Niishie hapo nisije nikakuchosha na mguu wako. Nisalimie Mama Balbina, wajumbe wote, kwaya ya parokia na yeyote atakayeniulizia. Yunis naye anakusalimu, ingawa hajui kuwa nakuandikia. Sina neno naye, ni binti mwenye heshima. Tatizo ni anachokilea.

Ni mimi mtumishi wako, nikiwa bado chumbani mwangu,

Fulgensi Mponda
Mtunza Masjala

Tanbihi. Mzee, nilikuwa nimeshaifunga bahasha nikaifungua tena. Leo saa nne amekuja Digna, jirani yako hapo Michenga, mjane wa marehemu Anold. Mtu wa shamba la jirani amefyeka akavuka mpaka, anasema pale hapakuwahi kuwa pa Anold. Baraza la kijiji linakaa Jumatano na linataka maandishi ya mwaka 1984. Nilimkaribisha kwa majivuno, nikamwambia hapa ndipo mahali pake, nikapanda ngazi nikashusha jalada. Kwa nje lilikuwa zima kabisa. Ndani mchwa walikuwa wamebakiza kamba na pini. Nikashusha la jirani yake, na la jirani ya huyo. Nimefungua kumi na moja, yote ni vumbi, na rejesta ya madungu imeliwa kuanzia katikati. Kumbe miaka yote nimekuwa nikilinda mlango, na wao walikuwa wanaingilia ukutani.

Digna hakupiga kelele. Alisema, "Baba, kwa hiyo mimi sina shamba?"

Nilishindwa kumtazama. Nilikwenda mwenyewe chumbani kwa Yunis, nikasimama mlangoni kama mwombaji, nikamweleza. Hakucheka. Alitafuta jina la Anold la nyumbani, halikuwa na kitu. Akatafuta la dungu, na mara likatokea shamba lote, kama alivyolichapa mwezi wa tano kutoka kwenye rejesta yangu: kijito upande wa chini, mkuyu upande wa juu, hatua zimehesabiwa, na majina ya mashahidi wawili. Mmoja alishafariki. Wa pili ni wewe, Mzee. Tafadhali Jumatano fika barazani, hata kwa kubebwa. Nakala ninayo, imepigwa muhuri wa Meneja, na Digna ameondoka nayo ameikunja kwenye kanga.

Nakuomba basi usome barua hii kwa kurudi nyuma. Ushirika ununue diski nyingine mbili, na mbili za kuzinakili hizo, kwa sababu majalada ya zamani ya Mkula na Kiberege bado hayajachapwa na sijui mchwa wamefika herufi gani. Kuanzia kesho mimi nitasoma na Yunis atachapa. Nimeshampa majina ya nyumbani na ya madungu, tumefika herufi M, na wanachama wameanza kupungua vizuri. Chumba wapewe seva, nimeshakifagia. Naomba tu nibakishiwe kiti kimoja humo ndani, kwa sababu Yunis hawezi kuusoma mwandiko wangu.