Simu ya Ashiru Haikwami

Jumatano, 19 Juni 2024, Newala
Ashiru karudi kutoka Masasi na aifoni. Ya mtumba, lakini aifoni! Alikaa barazani kwa kina Anifa akiisukuma kwa kidole kimoja, picha zinapanda na kushuka kama mlenda kooni. Yangu ni Android. Ukiisukuma inakwama, inafikiri, halafu inaruka mpaka usipotaka. Anifa kasema ya Ashiru ni laini. Kisha akaitazama yangu. Wivu unaniuma, naandika hivyo hivyo.

Mdogo wake Anifa anatoka unyagoni Jumamosi ya wiki ijayo. Anifa anatafuta mtu wa kupiga video. Atakayepiga atatembea naye bega kwa bega mbele ya ukoo mzima. Mtu huyo hawezi kuwa Ashiru!

Ijumaa, 21 Juni
Nimepakua programu ya kuifanya Android ionekane aifoni. Nikapita barazani makusudi. Nikamwamkia mama yake Anifa, shikamoo, marahaba, nikaitoa simu mfukoni kwa madaha. Ikaganda. Ashiru akaniuliza kama naisomea dua. Wakacheka wote, na mama mtu pia. Programu nimeifuta.

Jumatatu, 24 Juni
Nimempigia Sultani, fundi simu wa Masasi. Kasema Android yangu inapoteza muda kwenye madoido ya kufungua na kufunga. Niingie ndani ya mipangilio, kuna namba ya uhuishaji inayopima madoido hayo, niibadilishe. Mtandao ukakata kabla hajataja namba gani. Sikumpigia tena, mimi si mtoto. Mwezi mzima napuliza salfa kwenye mikorosho, nayajua mambo ya dawa: ubwiri, ule ukungu mweupe wa majani, ukikaidi, unaongeza kipimo. Ilikuwa moja. Nimeweka kumi, ya mwisho kabisa!

Sasa inafungua taratibu mno. Nadhani dawa ndiyo inaingia.

Alhamisi, 27 Juni
Anifa kachoka na ubishi wetu. Kasema tupige wote wawili, yeye atachagua. Ashiru anafanya mazoezi, anajipiga video mwenyewe asubuhi hadi jioni. Simu yangu bado inajivuta. Salfa nayo huchukua siku zake.

Jumamosi, 29 Juni
Aibu! Ngoma ikalia, vigelegele, mwali akatolewa, kichwa chini, kitenge kipya. Nikagusa kamera. Ikaanza kuja. Mwali akapita. Kamera bado inakuja. Nimepata vumbi, na mgongo wa Shangazi Somoe wa kina Anifa. Nikageuka kumtazama Ashiru: aifoni imejaa video zake mwenyewe, imegoma kurekodi! Nilifurahi hadi nikasahau kuhuzunika.

Basi tukaanza kubishana katikati ya njia, kila mmoja akimwekea mwenzake kioo puani. Msafara ulipogeuka kurudi uani, mwali akakosa pa kupita. Shangazi Somoe akatusukumia migombani, wote wawili, kwa mkono mmoja. Watu wakamtunza mwali. Kanga niliyomnunulia nimeikuta kwapani nilipofika nyumbani.

Jumatatu, 1 Julai
Nimepeleka kanga. Anifa kaipokea vizuri, hata katabasamu. Halafu akasema simu zetu zimemchosha, inayoteleza na inayokwama. Akanikaribisha Jumapili nikale kwao. Simu niiache nyumbani, anataka tuzungumze. Nikamuuliza kama Ashiru naye kaitwa. Hakuitwa!

Njia nzima nimetembea nikitafakari maneno yake. Simu zimemchosha. Niiache nyumbani. Msichana wa watu ana haya, hawezi kutamka wazi, lakini mimi nimemwelewa: kioo cha simu ni kidogo, anataka tableti. Nimeshampigia Sultani. Anayo moja, anasema inateleza kuliko aifoni ya Ashiru. Jumapili naingia nayo.