Kupotea kwa Utaratibu

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu wa 1975, katika kijiji chetu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze, hakuna atakayepotea ovyo. Watoto, wakongwe na wasiojiweza watapotea kwa utaratibu. Nasema haya nikiwa mjumbe wa Kamati, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mwenye darasa la nne la misheni.

Zamani mtu akipotea tulipiga mwano, yowe letu la Kisukuma, na kila aliyelisikia aliacha chungu motoni akakimbia na fimbo. Katibu wetu, Bwana Stanslaus, aliona ni fujo: watu wanakimbia bila ajenda. Akaupiga marufuku, akaleta fomu, nakala tatu. Jina haliandikwi, maana jina huleta upendeleo. Na msako uishie kijiji kipya. Mahame, makazi yetu ya zamani tulikohamishwa, hayamo kwenye ramani, basi hakuna awezaye kupotelea huko.

Jumatatu, tukiwa kikaoni, fomu ya kwanza ikapitishwa dirishani. Katibu akaisoma: mkongwe, mwanamke, mmoja, haoni vizuri, ametoka alfajiri bila maji. Jua lilikuwa utosini. Nikamwambia bibi wa namna hiyo hafiki jioni. Akanijibu kwa upole kwamba nakala ya tatu haisomeki. Asubiriwe siku saba.

“Kitendawili,” nikasema.

“Tega, Bibi, ila kwa kifupi.”

“Amejaa macho, haoni.”

“Nanasi.”

“Kamati.”

Hapo Paskalina, mke wa Katibu, akausukuma mlango. “Baba Alois, huyo ni mama yako.”

Katibu alipanda juu ya meza akapiga mwano mpaka sauti ikakatika. Wananchi wakaja, wakapanga foleni kwa adabu. Mzee Mabula akauliza kama yowe hilo lina nakala tatu.

“Kimbieni, ndugu zangu,” Katibu akanong'ona.

Tukakimbia moja kwa moja hadi mahame, maana nani asiyejua wakongwe hurudi kwao? Tukamkuta Mama Zipora ameketi kando ya mafiga yake ya zamani, midomo imepasuka kwa kiu. Akamaliza kibuyu kizima cha maji.

Katibu akapiga magoti. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, bwana mkubwa,” akasema. “Namtafuta mwanangu. Sijamwona tangu apewe ofisi.”

Mabula akamwuliza mtoto huyo ana alama gani.

“Alikuwa anasikia.”